Kicheko Kisiishie Barazani

Yuko mume ambaye kila mtaa wa pwani unamjua, ingawa jina lake hubadilika toka mtaa hadi mtaa. Akiketi barazani baada ya sala ya alasiri, na kikombe cha kahawa chungu mkononi, watu humzunguka kwa ajili ya utamu wa ulimi wake, wakacheka hata machozi yakawatoka, na mpita njia asiyemfahamu husimama kidogo apate kusikia mwisho wa kisa. Lakini mtu yule yule, magharibi ikiingia naye akavuka kizingiti cha nyumba yake, hugeuka kuwa mwingine, uso umekunjamana na maneno yamepungua, akauliza chakula ki wapi na nani aliyehamisha miwani yake, kisha akanyamaza mpaka usingizi umchukue. Mkewe, aliyeishi naye tangu ujana wao, huzipata habari za ucheshi wa mumewe kwa majirani. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu ndilo lililonisukuma kushika kalamu: naamini kwa yakini kwamba katika ndoa zetu nyingi zilizodumu, hasara kubwa isiyosemwa ni hii, ya kwamba bashasha yetu tunawagawia walimwengu, na wa nyumbani tunawaachia masalio.

Insafu yanitaka niseme kwamba wanawake nao hawakuepukana kabisa na desturi hiyo, kwa maana wapo wanaozimaliza hadithi zao tamu katika shughuli za arusi, katika vikao vya upatu na ukumbini kwa jirani, wakarudi kwa waume zao na orodha tu ya vitu vilivyokwisha jikoni: unga, sukari, mkaa na vitunguu. Lakini mizani haiko sawa. Baraza za mawe zilizojengwa mbele ya nyumba za Lamu, za Mombasa ya kale na za Mji Mkongwe wa Unguja, pamoja na vijiwe vya kahawa kama kile cha Jaws Corner ambapo dhumna hugongwa mezani, tangu zamani ni mahali pa wanaume, na mwanamume ana ruhusa ya kukaa huko saa nyingi bila ya kuulizwa na mtu. Ilhali mwanamke, ambaye kazi ya nyumba humfuata tangu alfajiri ya kuwasha moto mpaka usiku wa kufunika masufuria, hana wasaa kama huo, na aghalabu mtu mzima wa pekee anayeweza kucheka naye chini ya dari yake ni huyo mumewe. Akinyimwa na huyo, amenyimwa na wote. Kwa hiyo lawama ya kwanza naiweka juu ya wanaume, wala sioni haja ya kuipunguza.

Siku hizi hata asiyetoka nje ana baraza yake mkononi. Simu humletea vichekesho kutoka makundi ya WhatsApp ya watu aliosoma nao na ya ndugu walioko Maskati na London, naye hucheka peke yake huku mkewe ameketi ubavuni pake. Akiulizwa anachekea nini, hujibu kwamba si kitu. Jibu hilo fupi lina uzito kuliko anavyodhani mwenye kulitoa, kwa kuwa aliyeuliza hakutaka kichekesho, alitaka kushirikishwa, na mlango umefungwa mbele ya uso wake kwa maneno mawili. Ningependa kila mume na kila mke ajitazame katika jambo hili dogo kabla ya kulalamika kwamba mapenzi yamepoa.

Wapo watakaosema kwamba heshima ya nyumba hulindwa kwa uzito wa uso, na kwamba mume afanyaye mzaha na mkewe hujivunjia haiba. Fikra hiyo haina asili, si katika dini wala si katika adabu ya wazee wetu. Katika hadithi zilizopokewa kutoka kwa Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, imo habari ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana naye mbio walipokuwa safarini, Bibi Aisha akamshinda; ukapita muda, mwili wake ukanenepa, wakashindana tena, na mara hii akashinda Mtume, naye akamwambia kwamba ushindi huu ni malipo ya ule wa kwanza. Msomaji aitazame vizuri habari hiyo. Uzuri wake hauko katika mbio peke yake. Uko zaidi katika kuwa mzaha ule ulitunzwa muda wote huo, ukangoja wakati wake, na ulipotolewa haukuhitaji maelezo, kwa sababu wawili hao walikuwa na kumbukumbu moja. Bibi huyo huyo ndiye aliyesimulia kisa kirefu cha wanawake 11 walioketi wakaahidiana kusema habari za waume zao pasipo kuficha kitu, huyu akimsifu wake na yule akimtoa kasoro, na Mtume akamsikiliza, kisha akamjibu kwa neno la mapenzi lililochukuliwa ndani ya kisa chenyewe. Kiongozi aliyebeba mambo ya umma mzima alipata wasaa wa kuisikiliza hadithi ya mkewe, sembuse sisi tunaorudi kutoka dukani na ofisini.

Wasomaji wa Biblia nao wanakumbuka katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 26, kwamba Isaka alipokuwa mgeni Gerari alisema Rebeka ni dada yake, kwa kuwahofu wenyeji wa mahali pale, na siri hiyo ilidumu mpaka mfalme Abimeleki alipochungulia dirishani akamwona Isaka akicheza na Rebeka. Mfalme hakutafuta shahidi mwingine. Alimwita Isaka akamwambia kwamba hakika yule ni mkewe. Namna walivyokuwa wakichezeana ilitosha kuwa cheti cha ndoa.

Na sisi watu wa pwani tuna wasia wetu wenyewe. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858 alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa nasaha ambao mpaka leo unasomwa. Watu wengi wanaoutaja hukumbuka humo yale ya utii na ya kumridhi mume tu, na baadhi ya mambo hayo zama zetu zina haki ya kuyajadili. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba mama yule alimwusia binti yake pia awe mwenye uso mkunjufu, azungumze na watu kwa mizaha iletayo furaha, na ikiwa mzaha utaleta karaha basi heri anyamaze. Alipofika kwenye maisha yake na mumewe, alieleza kwamba hawakugombana mpaka mauti yalipowatenganisha. Mtu aliyekuwa akiandika akiwa na maradhi, na mwanawe karibu naye, hakuwa na nguvu za kupoteza kwa mambo yasiyo na maana; ikiwa mizaha aliiona inastahili kutiwa ndani ya wasia, na sisi tuipe mahali pake.

Lakini tuangalie nasaha zitolewazo leo. Neno moja hurudiwa katika arusi zetu na sheikh, na padri, na mjomba wa bi arusi, na mwenyekiti wa kamati: vumilieni. Kungwi humwambia mwari avumilie. Katika karamu ile ya kumfunda bi arusi ambayo mijini huitwa kicheni pati, mashangazi husimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na zawadi yake ya sufuria au ndoo, wakamwambia avumilie. Na bwana arusi, ambaye mafunzo yake huwa mafupi sana kuliko ya mwenziwe, huambiwa awe mwanamume. Mimi siipingi subira, nayo ni nguzo. Hata hivyo subira ni silaha ya siku za shida, na siku nyingi za maisha ya watu wawili si za shida wala si za sherehe: ni siku za kuchambua mchele, za kungoja maji ya bomba yarudi, za kutafuta ufunguo, za kubishana juu ya dirisha lifungwe au liachwe wazi usiku. Siku hizo ndizo zinazoijaza ndoa ya muda mrefu. Anayefundishwa kuvumilia tu huziona hizo nazo ni mzigo wa kuvumilia, na baada ya miaka kadhaa humtazama mwenziwe kama mtu atazamavyo deni.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote, na kwa kawaida haimruhusu mtu kufikisha ombi la talaka mahakamani kabla ya mgogoro kupita katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Ni sheria yenye hikima. Lakini wasuluhishi huwapokea watu ambao kicheko kilikwisha kufa baina yao zamani, na kazi ya kukifufua mbele ya meza na wajumbe ni ngumu mno. Kukitunza nyumbani kingali hai ni jambo lililo ndani ya uwezo wa kila mtu.

Kinatunzwaje? Nitasimulia habari za wazee wawili ninaowafahamu, ambao majina yao sitayataja, mume aliyefanya kazi katika majahazi siku za ujana wake na mke mpishi ambaye vitumbua vyake vilisomesha watoto. Katika maisha yao marefu, chumvi ya mchuzi haikuwa sawa kila siku, kama isivyokuwa sawa katika nyumba yoyote ile. Chumvi ikizidi, mzee huonja, hutua tonge, akauliza kwa taadhima kubwa, "Bi Mkubwa, leo bamvua?" Naye hujibu bila ya kuinua macho, "Bamvua, nahodha. Tweka tanga basi, wali uko mbele yako." Chumvi ikipungua, mzee husema kwamba leo ni maji mafu na chombo hakitoki bandarini, na bibi humsogezea kopo la chumvi akamwambia ashuke asukume mwenyewe. Wajukuu waliozaliwa mbali na bahari hawafahamu kupwa na kujaa, lakini wanafahamu kwamba hapa pana raha, nao hucheka.

Naomba tusiupite mzaha huo haraka. Malalamiko yamo ndani yake, na ni ya kweli: chakula kina kasoro, na mwenye kula amesema. Katika nyumba nyingine neno hilo hilo, likitoka tupu, huzaa jibu la ukali, na jibu huzaa kumbukumbu ya kasoro za mwaka jana, na chakula huliwa kwa uchungu au hakiliwi. Hapa limepita likiwa zima, limefika, na siku ya pili bibi ameonja chungu mara mbili kabla ya kupakua. Fauka ya hayo, bibi alikuwa na haki ya kujibu, na jibu lake lina nguvu sawa na swali. Hakuna aliyeketi juu na aliyeketi chini. Usawa huo ndani ya mzaha naupenda kuliko mzaha wenyewe.

Wazee hao hao wana mchezo wa miwani. Mzee huitafuta kila asubuhi apate kusoma gazeti, na mara nyingi huwa ameipandisha kwenye paji la uso. Bibi hamwambii kitu, hungoja wajukuu wakusanyike, kisha hupaza sauti, "Kitendawili!" Wote, na mzee miongoni mwao, huitika, "Tega!" Husema, "Namtafuta mgeni, naye nimempandisha darini kwangu." Watoto hufumba midomo yao wasimfichulie babu, naye hutaja paka, hutaja popo, hutaja mwezi, mpaka ashindwe, na kwa mujibu wa ada ya mchezo bibi humwambia, "Nipe mji." Mzee humpa Pemba, au Tanga, au Kilwa, na siku akiwa na furaha sana humpa Bombei, na bibi huenda mpaka mji huo kwa maneno, akapokewa, akapikiwa, akasifiwa kwa nguo zake, akala akashiba, ndipo arudi na jibu, na mzee hupeleka mkono kichwani. Nimeushuhudia mchezo huo, nami naamini kwamba mzee hufahamu iliko miwani yake kabla ya kutoa mji. Lakini safari ya bibi ni tamu, naye hataki kumkatizia.

Jambo la kutazama hapa ni namna mambo haya yanavyojengeka. Hakuna aliyeyapanga. Siku moja mtu alitamka neno juu ya chumvi, mwenziwe akalipokea badala ya kulirudisha kwa ghadhabu, na siku nyingine likatumiwa tena, likakua, likapata majibu yake na mahali pake, mpaka likawa mali ya wawili ambayo mtu wa nje hawezi kuinunua wala kuirithi. Wengine husema kwamba ucheshi ni hulka ya kuzaliwa, na asiyekuwa nao hana la kufanya. Mimi sikubali. Katika nyumba, anayehitajiwa zaidi si yule mwenye kutoa neno la kuchekesha, bali ni yule mwenye kulipokea. Na kupokea kila mtu anaweza, maadamu ameukunjua uso na ameinyamazisha redio.

Ada zetu zimetupa mfano mkubwa wa jambo hili katika utani. Wanyamwezi na Wazaramo, ambao misafara ya biashara iliwakutanisha njiani tangu karne ya 19, huambiana maneno ambayo kwa mtu mwingine yangeleta ugomvi, na hakuna anayekasirika, kwa sababu mpaka unajulikana na kila mmoja ana zamu yake. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu," na bibi humwita msichana huyo huyo "mke mwenzangu" na kumshitaki kwa kumnyang'anya mume. Nimeona mara nyingi kwamba mume na mke walioishi kwa ukimya miaka mingi huanza kutaniana siku mjukuu wa kwanza anapotambaa kati yao, kwani sasa wana mtu wa kumpitishia maneno. Hufurahisha kuona hivyo, nayo hutia huzuni pia. Maneno hayo yangeweza kusemwa mapema, wakati nguvu za kucheka zilipokuwa nyingi.

Sasa nifike kwenye mpaka, kwa maana si kila kicheko ni cha kheri. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, inawakataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na inawataja wanaume na wanawake kila kundi peke yake. Mume anayesimulia mbele ya wageni jinsi mkewe alivyokosea kutamka neno benki, na wageni wakacheka ilhali mke ameinamisha kichwa akikusanya vikombe, hakufanya mzaha. Amemtia izara mtu aliyekabidhiwa kwake kwa amana. Mke anayewachekesha shoga zake kwa udhaifu wa mumewe asiye na kazi amefanya vivyo hivyo. Kipimo ni chepesi: je, anayetaniwa anacheka, na je, anaweza kujibu? Yakikosekana hayo mawili, basi neno limeingia katika stihizai, hata kama lilianza kwa nia njema.

Na lipo kosa jingine lililofichika zaidi, ambalo naliona baya kuliko kejeli. Ni kuutumia mzaha ili kukwepa jambo la haki. Mke amekuja na suala la ada ya shule, au la fedha ya matumizi isiyotosha, au la maumivu ya mgongo yasiyokwisha, amelifikiri siku nyingi na amejipa moyo wa kulisema, na mume mwenye ulimi mwepesi humchekesha, naye mke akacheka kwa kushindwa kujizuia, na jambo likaahirishwa. Likija tena huchekeshwa tena. Mwisho wake mwanamke huchoka kusema, na mume hudhani nyumba ina raha kwa kuwa haisikiki sauti ya ugomvi. Mzaha uliofanywa pazia namna hiyo huharibu ile mizaha mingine yote, maana mwenye kutaniwa haujui tena ule unaompenda na ule unaomzuia. Mambo ya fedha, ya maradhi na ya watoto yapewe kikao chao, kwa uso wa kweli, na yakishakatwa ndipo kicheko kirudi.

Yakitunzwa hayo, kicheko cha nyumbani hufika mahali ambapo subira peke yake haifiki. Watani huja matangani wakafanya vituko mbele ya wafiwa, na wazee waliotuwekea ada hiyo walijua kwamba huzuni ikiachwa peke yake humwangusha mtu. Katika ndoa ya muda mrefu maradhi hayana budi kuingia: sukari, shinikizo la damu, macho yenye ukungu, magoti yasiyokubali ngazi. Bibi yule wa vitumbua alipolazwa hospitalini, mzee alikuwa akimpelekea uji wa mtama katika chupa ya chai, uji alioupika mwenyewe kwa mara ya kwanza katika umri wake, na bibi alipoonja alimwangalia kwa muda, akasema kwa sauti ndogo, "Nahodha, chombo kimepanda mwamba." Wauguzi hawakuelewa kwa nini wazee wale wawili walicheka hata mmoja akashika kitanda. Dawa zilifanya kazi yake, wala sitaki mtu aache dawa. Lakini mgonjwa aliyekataa chakula tangu juzi yake alimaliza uji ule.

Kwa hiyo nina ombi kwa kamati za arusi na kwa wazee wanaowafunda vijana wetu. Pamoja na kungwi, na sheikh au padri, na mashangazi, mwalikeni mume na mke waliozeeka pamoja, nao waketishwe bega kwa bega mbele ya bwana arusi na bi arusi wote wawili, si mbele ya mmoja tu. Wasiulizwe walivumilia mangapi. Waulizwe huchekea nini wakiwa peke yao, wayataje yale yanayofaa kutajwa, na wakitofautiana juu ya nani aliyeanza, waachwe watofautiane hadharani ili vijana waone namna inavyofanywa. Kamati hutenga fedha za muziki, za mapambo na za mpiga picha. Jambo hili linahitaji viti viwili na nusu saa.